Koplo Niliyemfanya Mkufunzi

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi jeshini, mwanangu, na haikuwa ya vita wala ya sherehe. Ilikuwa mwezi wa saba, kikosini kwetu huko juu Iringa, baridi imekaza hadi majani ya uwanja wa gwaride yakawa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Tulikaa watu wawili kwenye benchi, kazi yetu kuchagua makoplo watatu wa kwenda kusomea ukufunzi.

Tumpe, juzijuzi uliponipigia kuniambia kwamba na wewe umeteuliwa kwenda kozi hiyo, nilikupongeza upesi upesi nikakata simu. Mama yako mkubwa akaniuliza, mbona umepooza, mtoto kapata habari njema? Nimekaa na jambo hilo siku nne hapa nyumbani Iyunga, malori yanapita barabarani, mimi sisikii. Leo nimeamua nikuandikie. Kwenye simu nisingeweza kulimaliza.

Mwenzangu kwenye benchi alikuwa Sajini Meja Kalinga, Mhehe wa makamo, mtu wa sauti ndogo. Nakwambia ukweli, ungesimama hatua kumi usingemsikia, na bado kombania nzima ilinyamaza alipofungua mdomo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sajini mpya, na nilijiona najua. Nilikuwa na sauti inayofika ng'ambo ya pili ya uwanja, na makuruta wangu ndio walioongoza kwa kwata kila mara. Nilidhani Mzee Kalinga ameniita nimsaidie. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba aliniita nijifunze.

Mtihani wake ulikuwa mmoja tu. Alileta makuruta wazito wa kushika mambo, wale ambao sisi wengine tuliwapa majina mabaya, akampa kila koplo kuruta mmoja na bunduki iliyofunguliwa vipande. Mfundishe kuiunganisha. Basi.

"Sajini," akaniambia, "usimtazame anayefundisha. Mtazame anayefundishwa."

Sikumsikiliza. Nilimtazama Koplo Ambakisye.

Ambakisye alikuwa kijana wa huku kwetu Mbeya, mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti. Alimsimamia yule kuruta kichwani akawa anatoa amri kwa mkato, kipande kwa kipande, na ile bunduki ikaungana kabla ya nyingine zote. Nilitaka kupiga makofi. Pembeni yake palikuwa na koplo mmoja mfupi kutoka Njombe, amechuchumaa na kuruta wake chini kabisa, anamwacha akosee, anamwuliza, "Sasa hapo unaonaje?" Walimaliza wa mwisho.

Mzee Kalinga akainuka. Akamwendea kuruta wa Ambakisye, akaifungua tena ile bunduki, akasema kwa upole, "Haya, unganisha mwenyewe." Kijana akashika vipande, akaanza kumtafuta Ambakisye kwa macho. Hakuweza. Kuruta wa yule koplo mfupi aliunganisha peke yake, taratibu, mara mbili.

Kwenye karatasi ya Mzee Kalinga jina la Ambakisye halikuwemo. Nilimwuliza sababu, akasema, "Bado. Mwache mwaka mmoja, akae na watu." Nikaona ni wivu wa mtu mzima. Mchana ule ule nikaenda kwa kapteni wetu bila kumwambia Mzee, nikamsifia Ambakisye hadi koo likakauka. Nilisema huyu ndiye mkufunzi hasa, amezaliwa nayo kazi. Kapteni alinipenda. Jina likaingia, jina la yule wa Njombe likatoka.

Mwanangu, ukiniuliza kwa nini nilimtaka sana Ambakisye, jibu linanitia aibu. Alifanana na mimi. Nilipomwona pale uwanjani niliona ujana wangu umevaa kombati. Nilidhani namchagua mkufunzi, kumbe najichagua mwenyewe mara ya pili.

Alirudi kutoka kozi mwaka uliofuata, akawekwa chini yangu kwa majaribio. Nikamfundisha. Nilimfundisha kila nilichofundishwa na mtu aliyenitoa mimi ukuruta, mtu aliyekuwa akitupiga mateke tukilala chini kwa uchovu. Nilimwambia kuruta ana ujanja elfu wa kutegea. Leo tumbo, kesho mguu, keshokutwa bibi amekufa. Nilimwambia, na maneno haya niliyatunga mimi mwenyewe nikayaona ya maana sana, "Mgonjwa wa kweli utamwona ameanguka. Anayekuja kukueleza ugonjwa wake kwa miguu yake, huyo mzima." Ambakisye akacheka, akayarudia. Baada ya wiki mbili nikamsikia akiyasema mbele ya platuni kwa sauti yangu, hata kule kuvuta neno la mwisho ninakovuta mimi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Katika platuni ile alikuwemo kuruta mmoja aitwaye Zuberi, wa Rujewa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mjane aliyekuwa akipepeta mchele kwenye mashine za kukoboa. Unaijua Usangu ya huko kwao, joto lake. Mtoto ametoka kule, anakuja kulala kwenye hanga la mabati huku juu, mwezi wa saba. Alikuwa mpole, mwenye kuitikia kila kitu. Alianza kukohoa. Wengi walikuwa wanakohoa.

Siku ya matembezi tuliondoka asubuhi, kilomita ishirini na mizigo mgongoni, ukungu umelala kwenye misitu ya misindano hadi huwaoni watu hatua kumi mbele yako. Mimi nilikuwa nyuma na gari la msaada. Ambakisye alikuwa na platuni yake. Tulipofika nusu ya njia tukapumzika, na hapo ndipo Ambakisye aliponijia.

Nataka ulisome hili polepole. Alinijia. Hakutumwa na mtu, alikuja mwenyewe, akasimama wima mbele yangu, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Afande, yule Zuberi anasema kifua kinambana. Anasema kila akivuta pumzi ni kama kisu ubavuni. Nimeona ametoka jasho, na baridi hii. Nimpakie kwenye gari?"

Gari lilikuwa pale. Dereva alikuwa amekaa anakula muhogo. Ingekuwa kufungua mlango tu.

Nikamwuliza, "Amekuja kukueleza kwa miguu yake?"

"Ndiyo, afande."

"Nilikufundisha nini?"

Sikungoja jibu. Nikamwambia, "Ukimpakia mmoja sasa hivi, mbele utapakia thelathini. Rudi kwa watu wako, Koplo." Nikamgeuzia mgongo nikawasha sigara. Nilisikia buti zake zikienda. Hazikwenda haraka. Mpaka leo nikikaa kimya nazisikia zile hatua, za mtu anayetaka aitwe arudi.

Zuberi alianguka zikiwa zimebaki kama kilomita tatu. Safari hii nilimwona ameanguka, kama nilivyokuwa nasema. Midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Tulimkimbiza hospitali ya wilaya, mimi nimemshika kichwa kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa anaomba radhi. "Samahani, afande. Samahani, nitajitahidi." Aliyasema mara nyingi, kisha akaacha. Mganga alisema ni kichomi cha siku nyingi, mapafu yote mawili, na angeletwa hata asubuhi ile huenda wangemwokoa.

Mzee Kalinga ndiye aliyeamua niende na maiti Rujewa. Hakunipa sababu. Tukateremka kutoka kwenye baridi tukaingia kwenye joto la bondeni, sanduku limefungwa kwa kamba, makuruta sita wamekaa pembeni yake. Nyumbani kwao palikuwa pamejaa. Mama yake alikuwa ndani na wanawake wenzake, na baada ya mazishi akaomba kuniona. Nilikaa kwenye mkeka mbele yake. Hakulia. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga imefungwa kichwani, nywele za mbele bado zina vumbi la pumba.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akinipigia simu Jumapili. Alisema walimu wao ni wakali lakini wanawapenda." Akaendelea: "Nataka kukuuliza neno moja tu, baba. Hakusema anaumwa?"

Mwanangu, nilikuwa na nafasi pale. Nilikuwa nimekaa ananitazama, na jibu nilikuwa nalo.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakusema. Alikuwa askari."

Nilidhani nimempa faraja. Niliona hata machozi yakimlenga, nikajiambia, si umeona, umemfanya ajivunie mwanawe.

Ukishasema uongo mbele ya mfiwa, mbele ya bodi unakuwa mwepesi. Bodi ya uchunguzi ilikaa wiki iliyofuata. Maofisa watatu, meza ndefu, Ambakisye amesimama upande wa kushoto bila mkanda wala kofia. Walimwuliza kama kuruta alimwambia anaumwa, akasema ndiyo. Walimwuliza alifanya nini. Akasema, "Nilitoa taarifa kwa Sajini." Wote wakanigeukia.

"Sajini, Koplo huyu alikuletea taarifa?"

Nilisema, "Sikumbuki, afande."

Si kwamba nilisema hapana. Hilo nililishika kwa miaka kana kwamba lina tofauti. Ambakisye alinitazama. Nilitegemea atapiga kelele, atanitaja, atamwita dereva ashuhudie. Hakufanya lolote. Alisimama tu akiwa ameniangalia kama yule kuruta wa bunduki alivyomwangalia yeye, akisubiri aambiwe cha kufanya. Yule dereva hakuitwa kabisa. Ambakisye alifukuzwa jeshini.

Siku alipokabidhi vifaa, Mzee Kalinga alinikuta ghalani nahesabu mablanketi. Akafunga mlango, akakaa juu ya boksi.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe.

Nikaitikia. Akasema, "Unajua kwa nini nilimwacha yule kijana?"

"Kwa sababu alikuwa mkali, Mzee."

"Ukali unapungua wenyewe, watoto wanakomaa. Nilimwacha kwa sababu nilimwona anataka mno kumpendeza aliye juu yake. Mtu wa hivyo ukimweka chini ya mtu mwema, atakuwa mwema. Nilikuwa natafuta pa kumweka." Akayapangusa magoti yake kama yana vumbi. "Halafu ukamchukua wewe."

Nilirudi kuhesabu mablanketi.

"Lakini hata hivyo alikuja kukuuliza," Mzee akaendelea, na hapo nikajua anajua. Sijui alijuaje, labda dereva. "Kitu alichozaliwa nacho kilikuwa bado hakijafa. Wewe ndiye uliyekimalizia pale barabarani. Na kwenye bodi amenyamaza ili akulinde. Ulimfundisha vizuri, Sajini. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyemshika mwalimu wake namna ile."

Akainuka akatoka. Hakunishitaki. Ningependa angenishitaki. Aliniachia mwenyewe, na mimi nikakaa na siri hiyo miaka miwili. Nilikula, nilioa, nilicheka bwaloni na wenzangu. Nilifundisha platuni nyingine tatu. Nilipunguza sauti, niliwapeleka wagonjwa zahanati kabla hawajamaliza sentensi, watu wakanisifu kwamba nimekuwa mkufunzi mwenye utu. Kila sifa ilinichoma.

Mzee Kalinga alipostaafu, hakunipa mkono siku ya kuagwa. Aliwapa wote, alipofika kwangu akapita. Asubuhi yake nikaandika barua kwa mkuu wa kikosi nikaeleza kila kitu, neno kwa neno kama nilivyokueleza. Nilivuliwa tepe moja, nikaondolewa kwenye ukufunzi nisiurudie tena. Ndiyo maana, Tumpe, unayo picha yangu ya zamani yenye tepe tatu na hukuwahi kuelewa kwa nini nilistaafu nikiwa koplo. Baba yako aliwaambia ni mambo ya ofisini. Alikuwa ananistiri.

Ambakisye hawakumrudisha. Walisema muda umepita, na yeye mwenyewe hakuomba. Nilimfuata Mgololo, nikamkuta anafanya kazi kwenye magogo yanayopelekwa kiwanda cha karatasi. Alikuwa amekonda, mgongo ule ulionyooka umeinama. Nilimweleza nilichofanya, kwamba nimeandika, kwamba jina lake nimelisafisha. Alisikiliza akiwa ameshika shoka. Nilinyoosha mkono, hakuupokea.

"Nilikuja kukuuliza, afande," akasema. "Nilikuja kukuuliza."

Akarudi kwenye kazi yake. Bado aliniita afande.

Kutoka hapo nilikwenda Rujewa. Mama Zuberi nilimkuta mashineni, ungo mkononi, pumba zinaruka. Alinitambua. Hakuacha kupepeta. Nilimwambia pale pale nimesimama, kelele za mashine zikiwa kubwa hadi ikabidi nirudie: Zuberi alisema. Alisema anaumwa, alisema mapema, na mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

Aliuweka ungo chini.

"Alisema?"

"Alisema, mama."

Akakaa juu ya gunia. "Miaka miwili," akasema, "miaka miwili nagombana na mwanangu kaburini. Namwuliza, Zuberi, kinywa ulipewa cha nini, kwa nini hukusema? Nilimkasirikia. Kuna siku sikumwombea dua kwa hasira." Akajifunika uso na kanga. "Kumbe alisema. Maskini mwanangu, alisema."

Aliendelea kulirudia neno hilo. Wanawake wenzake wakaja wakamzunguka, mmoja wao akaniambia, ondoka, baba, tafadhali ondoka. Nikaondoka. Sikurudi tena, wala hakuwahi kunitumia neno. Nimesikia alifariki mwaka juzi. Sikuthubutu kwenda.

Hayo ndiyo yaliyonikuta, mwanangu. Sasa nikwambie ninalotaka ushike, ingawa najua kule kozini watakupa vitabu vizuri kuliko mimi.

Watakufundisha kutoa sauti. Toa, kazi inaitaka. Lakini kuruta akija kukwambia anaumwa, mpeleke kwa mganga, hata kama umemwona anacheka dakika tano kabla. Wengine watakudanganya, sikatai. Watakudanganya na utaonekana mjinga mbele ya wenzako, na huo ujinga uubebe. Ni mwepesi. Mimi nimebeba mwingine.

Usije ukawapa watu wako msemo wa kukariri badala ya akili. Nilitunga maneno matamu yanayokaa mdomoni, na Ambakisye alipoona kwa macho yake jasho la mgonjwa, maneno yangu yakawa na nguvu kuliko macho yake. Na siku utakapokaa wewe kwenye benchi la kuchagua, kwa sababu siku hiyo itafika, ukimwona mmoja moyo wako ukamruka kumpenda kwa jinsi anavyofanana na wewe, mwombe mtu mwingine amtazame.

Aliye chini yako akija kukuuliza, simama. Zima sigara, mtazame usoni. Huenda hilo swali limemgharimu kuliko unavyojua, na huenda hatauliza mara ya pili.

La mwisho linanipa taabu kuliko yote. Ukikosea, nawe utakosea, liseme siku hiyo hiyo. Usisubiri uwe tayari. Mimi nilidhani ukimya wangu unamla mtu mmoja tu, mimi mwenyewe, kumbe ulikuwa unamla mama mmoja Rujewa ambaye alimnyima mwanawe dua.

Nenda kozini, Tumpe. Sikuzuii, wala usidhani nimeandika ili ukate tamaa. Nimeandika kwa sababu nimekusikia ukiongea na wadogo zako, ukichuchumaa wakufikie, nikaona kuna kitu hapo ambacho kazi hii inaweza kukiua ukiiachia. Mwenyezi Mungu akulinde na sifa za mapema. Akupe masikio mepesi na ulimi usioogopa kusema nimekosa. Kila mtoto wa mtu atakayewekwa mikononi mwako, Mungu akujalie umrudishe kwao akitembea, mama yake amwone akija njiani.

Mimi baba yako mkubwa.